Vitambaa Sita vya Marekani

Watu wa Kharumwa wananisema kwamba nina ukali kwenye mambo ya usafi, na hawanisingizii. Mtu akitaka kunisaidia jikoni, namwonyesha ndoo yenye bomba na sabuni kabla sijamwonyesha kigoda. Shemeji yangu mmoja alisusa kula kwangu mwaka mzima kwa sababu nilimwambia akanawe tena, na sikumbembeleza. Nayasema haya mapema ili usije ukadhani kwamba sumu iliingia nyumbani kwangu kwa uzembe wangu. Iliingizwa na mume wangu, Makoye, kwa mikono yake mwenyewe, huku akikaa mezani na kunisifia mboga.

Mimi ni Paskazia. Nilizaliwa Didia, nikaolewa huku Kharumwa na mchimbaji mdogo wa dhahabu, tukapata mtoto mmoja tu, Suzana. Ndiyo maana naitwa Mama Suzana, na wengi hawalijui hata hilo jina langu la ubatizo. Suzana ameolewa Isaka na Davis, kijana mpole anayepakia na kupakua mizigo ya malori pale bandari kavu. Kule Isaka mimba mbili zilimtoka, ya kwanza ikiwa na miezi mitatu, ya pili mitano. Ya tatu ilipoingia mwezi wa nne, Davis alimleta kwangu mwenyewe. Ilikuwa mwezi wa sita, kiangazi kimeshaanza. Walikuja na begi moja na kadi ya kliniki iliyoandikwa kwamba damu yake iko chini.

"Mama, mimi nimeshindwa," Davis aliniambia. "Nakukabidhi. Hii nayo ikitoka, sijui kama Suzana atabaki na akili zake."

Nilimjibu kwamba haitatoka. Kisha, kabla chai haijapoa, nikamgeukia mume wangu.

"Baba Suzana, umesikia. Kuanzia leo zebaki haikanyagi hapa."

Miaka mingi zebaki ilikaa nyumbani kwetu kama chumvi inavyokaa kwa wengine. Mchimbaji akishasaga mawe na kuosha unga wake, anamwagia zebaki kwenye karai ili ishike chembe za dhahabu. Kisha anaifunga kwenye kitambaa na kukamua kwa nguvu. Zebaki inayozidi inapenya na kudondoka, kinabaki kidonge cheupe ambacho anakichoma motoni mpaka dhahabu ibaki peke yake. Makoye alikuwa anaifanya kazi hiyo nyuma ya choo chetu, kwa sababu kule wanakooshea wenzake anasema macho ni mengi. Kwenye kikundi chetu cha akina mama tulishaelezwa kwamba zebaki inamfuata mtoto hadi tumboni, na Makoye nilishamwimbia habari hiyo mpaka akachoka.

Siku ile hakubisha. Alichukua kichupa chake juu ya kabati, akakifunga kwenye mfuko, akamwonyesha Davis. "Hii inakwenda kukaa duarani," alisema, yaani kule kwenye shimo lao la kuchimbia. "Haki ya Mungu, mpaka mjukuu wangu azaliwe salama, haivuki mlango huu." Davis akamshika mkono kwa mikono miwili. Nami nikamwamini, maana kwa miaka ishirini na sita ya ndoa sikuwahi kumkamata na uongo mkubwa.

Shida ya kiangazi cha kwetu ni mboga. Mchicha unakauka, matembele yanabaki nyuzi, na zile za sokoni zimemwagiliwa kwa maji ya madimbwi ambayo sithubutu kumpa mjamzito. Mtaalamu wa lishe aliyekuja kwenye kikundi ndiye aliyetufundisha kuchipusha choroko ndani ya nyumba. Majirani walinicheka kwamba namlisha binti yangu mbegu zilizooza. Niliwaacha wacheke. Choroko ikichipushwa ovyo kweli ni uozo, maana lile joto na unyevu vinavyoamsha mbegu vinaamsha na vijidudu. Ikichipushwa vizuri ni mboga changa ya siku tatu, nyeupe, yenye maji yake, na mtu anaiomba tena.

Nilikuwa na utaratibu wangu, na sikuruhusu mtu auguse. Choroko nanunua za kula, kamwe si mbegu za kupanda, kwa sababu mbegu za dukani zinapakwa dawa ya kuua wadudu, yenye rangi. Wapo watu huku ambao zikiwabakia baada ya kupanda wanazisugua mpaka rangi itoke, kisha wanabandika jikoni, nao wanajiona wamebana matumizi. Mimi nachambua, zilizovunjika natoa, naosha mpaka maji yabaki maangavu. Nazilowesha kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, toka jioni mpaka asubuhi. Halafu nazimwaga kwenye kitambaa safi, nakikunja juu yake, nakilaza ndani ya chujio ili maji yasituame. Asubuhi, mchana na jioni nazisuuza na kunusa. Zikiteleza au zikinuka, zote shimoni, sichagui za kuokoa. Siku ya tatu mikia imefikia urefu wa kiungo cha kidole, nazipika mpaka ziive, kwa sababu mjamzito hapewi machipukizi mabichi hata yapendeze vipi.

Vitambaa ndivyo nilivyojivunia zaidi. Nilinunua marekani, kile kitambaa kizito cha pamba kilichofumwa kikabanana, nikakata vipande sita, nikavipinda kingo zote kwa sindano ili visiache nyuzi kwenye chakula. Kitambaa kikitoka kwenye choroko nakifua, nakichemsha robo saa kwenye sufuria, nakianika juani. Vitatu vikiwa kazini, vitatu viko kwenye kamba, na kila siku navihesabu. Suzana alinitania kwamba vitambaa vyangu navijali kuliko alivyojaliwa yeye utotoni. Asubuhi alipenda kukaa na mimi jikoni, kwenye kigoda karibu na moto, kanga mabegani, maana mwezi wa sita na wa saba huku kunakucha na baridi. Ananisimulia habari za Isaka huku vitambaa vinatokota.

Mwezi wake wa kwanza kwangu ulikwenda vizuri. Tulipokwenda kliniki damu ilikuwa imepanda, nikatembea barabarani kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Mwezi wake wa pili Suzana, ambaye huniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, akaanza malalamiko.

"Mayu, hizi choroko leo zina ladha ya chuma."

"Ladha ya chuma ndiyo damu yenyewe hiyo. Kula."

"Kila kitu kina ladha ya chuma. Hata maji."

"Mimba ndivyo zilivyo. Mimi nilipokubeba wewe nilikuwa nalamba majivu. Kula, mwanangu."

Nilikuwa nakaa mbele yake mpaka amalize sahani. Akasema kichwa kinamgonga, nikasema ni jua. Akasema fizi zinamuuma na usiku halali, nikasema ni mawazo. Kuna siku alitafuna huku machozi yanamtiririka, nami nikamsogezea sahani karibu zaidi. Makoye alikuwa anakula nasi. Alisema, "Mboga tamu hii, Mama Suzana. Kula, binti, mama yako amehangaika."

Mwishoni mwa mwezi wa saba Suzana alitapika siku mbili mfululizo, nami nikajua kuna kitu. Nilikagua jikoni kote. Nilikagua maji, nikasugua chujio kwa majivu, nikabadilisha ndoo. Mikono yangu sikuwa na shaka nayo, vitambaa vyangu sikuwa na shaka navyo. Kilichobaki ni choroko zenyewe, na choroko zangu nilikuwa nanunua kwa Mwanaima.

Mwanaima ni mwanamke mfanyabiashara wa nafaka aliyetoka Kondoa, Mwislamu mstaarabu, mwenye mizani ambayo hata mimi sijawahi kuitilia shaka. Miaka minne nilinunua kwake. Siku ile nilimwendea na sufuria ya choroko mkononi, Makoye akiwa nyuma yangu, maana aliniambia, "Twende wote, usije ukapandisha presha." Nilisimama mbele ya magunia yake wateja wakiwepo.

"Mwanaima, unaniuzia mbegu za dawa," nilisema. "Umeziosha rangi, ukazichanganya na za kula. Binti yangu anatapika."

Alishtuka. Alishika choroko kiganjani, akazigeuza. "Mama Suzana, hizi zimetoka Shinyanga kwa wakulima ninaowajua kwa majina. Mimi mwenyewe nazipika. Watoto wangu wanakula."

"Basi watoto wako wana bahati. Wangu ana mimba."

"Usinitie doa, dada yangu. Nakuomba. Hapa ndipo ninapokula."

Sikumsikiliza. Nilipaza sauti mpaka watu wa duka la vitenge wakatoka nje. Nilimwita muuaji. Nikamgeukia mume wangu anisaidie, nikamwambia, "Si ndivyo, Baba Suzana?" Makoye alitazama magunia, akatazama chini, akasema, "Mtu anajua mwenyewe anachouza." Basi. Maneno hayo hayo, kwa sauti ya upole. Wateja wawili wakarudisha vifuko vyao juu ya mizani na kuondoka.

Nikaanza kununua kwa mtu mwingine. Suzana hakupata nafuu.

Jumanne moja ya mwezi wa nane niliteremsha sufuria ya vitambaa, nikavitoa kwa mwiko, nikamwaga maji taratibu mlangoni. Chini ya sufuria kulibaki kitu kinang'aa, kidogo kama punje ya uwele. Nilidhani ni tone la maji. Nilipoinamisha sufuria kikakimbia, kikagonga ukingo, kikagawanyika viwili, vikarudi vikawa kimoja. Hakuna mtu wa huku asiyejua ni nini kinachokimbia namna hiyo.

"Suzana, toka nje."

"Kuna nini, mayu?"

"Toka nje, mwanangu. Nenda ukakae kwa jirani. Sasa hivi."

Nilichukua wembe, nikakaa kizingitini, nikaanza kufumua pindo zangu. Kitambaa cha kwanza hakikuwa na kitu. Cha pili, nilipokata uzi na kuufungua mpindo, zebaki ilidondoka kwenye kona, vitone kama jasho. Cha tatu nacho. Kati ya vitambaa sita, vinne vilikuwa nayo. Kipande cha shati kuukuu kisicho na pindo kingefuliwa na zebaki nyingi ingedondoka, lakini vyangu nilivipinda vizuri, mshono mdogo mdogo, na kila mpindo ulikuwa mfuko. Nilikaa pale bila kulia. Sikuhitaji kumtafuta mwizi. Nyumba ile ilikuwa na watu watatu, na anayeshika zebaki ni mmoja.

Makoye alirudi saa saba mchana kula. Alinikuta palepale, vitambaa vimetandazwa juu ya gunia. Alivitazama, akavua kofia.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Mama Suzana, ngoja kwanza tukae..."

"Tangu lini, Makoye?" Miaka ishirini na sita sikuwahi kumwita kwa jina.

"Mwezi wa saba. Mwanzoni."

"Kichupa ulikipeleka duarani."

"Kiko kwenye banda la kuku. Sikukipeleka." Alikaa chini kwenye udongo kama mtoto. "Kule wananiibia kwa macho. Ukikamua mbele yao, kila mtu anajua umepata nini, kesho wanakuja na matatizo yao. Na kitambaa changu cha shati kilikuwa kinaachia. Naona dhahabu inapenya na zebaki. Marekani yako imebanana, haiachii kitu. Nikasema nitakitumia mara moja."

"Ukakitumia mara ngapi?"

"Nilikuwa navifua. Sabuni ya unga, mara mbili, mara tatu. Navirudisha kwenye kamba kabla hujahesabu."

"Si ungenunua marekani yako? Dukani ipo."

"Ungeniuliza ya nini." Akaanza kulia. "Sikujua kama inabaki. Mungu ananiona. Kitu kikishafuliwa kimefuliwa. Nilikuwa namtafutia mjukuu, Paskazia. Nilitaka akizaliwa akute kitu."

Nitakuambia ukweli unaonitia aibu. Nilimwonea huruma. Nilimtukana, nikamtupia lile chujio, lakini ndani yangu kulikuwa na sauti inasema, ni mjinga huyu, hakukusudia, alidhani sabuni inatosha. Mtu akikosa kwa ujinga unaweza kuishi naye. Nilishika hilo neno, ujinga, nikamfunika nalo.

Kesho yake nilimpeleka Suzana kituo cha afya. Muuguzi aliyetupokea anaitwa Eufrasia, mwanamke wa makamo, asiyeharakisha mtu. Nilimweleza yote. Nilimwambia pia kwamba namshukuru Mungu, maana kila machipukizi niliyompa niliyapika yakaiva.

"Kupika kunaua vijidudu," alisema. "Zebaki haiuawi na moto. Lakini mama, iliyomezwa kidogo namna hiyo, sehemu kubwa hupita ikatoka. Inayotutia hofu zaidi ni inayovutwa puani. Hivi vitambaa ulivifanyaje baada ya kuvitumia?"

"Nilivifua. Kisha nikavichemsha."

"Ukavichemsha wapi?"

"Jikoni."

"Kila siku?"

"Kila siku. Robo saa."

"Kuna dirisha?"

"Dogo."

"Na nani alikuwa anakaa humo vikichemka?"

Nilimtazama Suzana. Alikuwa ananitazama mimi. Hakuwa na hasira usoni, na afadhali angekuwa nayo. Ni yeye aliyejibu. "Mimi," alisema. "Nilikuwa nakaa karibu na moto."

Eufrasia aliandika. Alisema kipimo hakipo pale, damu na mkojo vitapelekwa Mwanza, majibu yatachukua wiki. Alisema mtoto anacheza na mapigo ya moyo yapo, na kwamba jambo la kwanza ni Suzana asikanyage tena nyumba ile. Sufuria ile isipikiwe, vitambaa visichomwe moto wala kutupwa ovyo, vifungwe kwenye chombo chenye mfuniko mpaka atakapoelekeza. Nilikuwa naitikia ndiyo, ndiyo, na sikusikia nusu yake. Nilikuwa nawaza jinsi nilivyokuwa naongeza kuni ili maji yatokote zaidi.

Suzana alihamia kwa jirani yetu, Rhoda, siku hiyo hiyo, akimsubiri Davis. Mimi nikaona kuna deni la maneno ambalo siwezi kulala nalo, nikaenda sokoni kwa Mwanaima. Nilitaka kumwomba radhi pale pale nilipomtukania, wateja wakiwepo.

Wateja hawakuwepo. Magunia yalikuwa matatu, zamani yalikuwa kumi. Nilipiga magoti, na mimi si mtu wa kupiga magoti.

"Mwanaima, nilikukosea. Choroko zako hazikuwa na kitu. Ni zebaki ya mume wangu, kwenye vitambaa vyangu. Nisamehe."

Alinishika kwapani akaninyanyua. Hakuwa na mshangao hata chembe, na hilo ndilo lililonishtua.

"Ulijua?" nilimuuliza.

"Nilidhani na wewe umeshajua." Alivuta kigoda nikakaa. "Siku uliyonitukana, jioni, mumeo alirudi hapa peke yake. Aliniomba nisilifikishe jambo serikali ya mtaa. Akasema nikuvumilie, una presha. Halafu akasimama, haondoki. Akaniuliza, eti Mama, kitambaa kilichokamuliwa zebaki kikifuliwa, halafu kikawekewa chakula, zebaki inaweza kurudi kwenye chakula?"

Soko lilikuwa na kelele zake za kawaida. Mtu alikuwa anapiga nyundo kwenye bati.

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia mimi ni muuza nafaka, akaulize hospitali. Lakini nikamwambia, kama kuna kitambaa cha namna hiyo, kitupe leo leo. Akasema, sawa, nitakitupa. Nikajua ameshakitupa, ameshakwambia. Nikabaki nakusubiri uje."

Nilihesabu. Kutoka siku ile mpaka Jumanne ya ile punje ndani ya sufuria ni siku kumi na tisa. Siku kumi na tisa mume wangu alijua, au alijua vya kutosha kumfanya aulize. Siku kumi na tisa alipita kwenye kamba yangu akaviona vinaning'inia. Asubuhi alituacha jikoni mimi na mwanawe, mvuke umejaa, akasema, "Mshinde salama." Angeweza kuvitupa akasema upepo umevichukua. Ningegomba siku mbili nikanunua vingine. Hakuvitupa kwa sababu ningeuliza, na yeye alikuwa tayari mwanawe avute sumu kuliko kuulizwa swali na mimi. Lile neno ujinga, nililomfunika nalo, nilimfunua.

Nilirudi nyumbani nikamkuta anapanua dirisha la jikoni. Alikuwa ameshavunja matofali mawili.

"Siku uliyomrudia Mwanaima," nilimwambia, "ulikuja ukala mboga. Uliniambia ni tamu."

Nyundo ilibaki mkononi. Hakusema hakwenda.

"Beba nguo zako," nilisema. "Nenda kakae duarani na kichupa chako."

Ndugu zake walikuja kuniomba. Makoye amekosa, walisema, lakini ni mume wako, na nia yake ilikuwa njema. Niliwauliza nia njema inakaa kimya siku kumi na tisa? Wakasema wanaume wana woga wao. Nikawapa maji ya kunywa, wakanywa, wakaondoka. Makoye mpaka leo ananitumia salamu kwa watu, na mimi sizirudishi. Namchukia, nakiri. Na siku nyingine asubuhi naamka nimesahau, namwandalia kikombe chake cha chai, kisha namchukia upya.

Lakini si yeye aliyeniumiza kuliko wote.

Davis alifika Jumapili. Mimi nilikuwa nimeshafunga mzigo wangu. Kwetu binti anajifungulia kwa mama yake, na kama haiwezekani, basi mama anamfuata binti alipo. Nilimwambia Davis kwamba nakwenda nao Isaka, nitalala hata sebuleni, nitampikia mpaka ajifungue. Davis alitazama pembeni. Suzana alikuwa ameshakaa kwenye bajaji, mkono juu ya tumbo.

"Mayu, baki," alisema.

"Nani atakupikia?"

"Mama yake Davis."

"Huyo mama ana watu kumi wa kupikia. Hana muda wa kukuchemshia hata maji."

"Mayu." Alisema polepole, kama anayemweleza mtoto. "Nilikwambia zina ladha ya chuma. Nilikwambia kila siku. Ulikaa mbele yangu mpaka nimalize."

"Sikujua, mwanangu! Baba yako ndiye..."

"Baba alinidanganya. Wewe hukunisikiliza. Mimi tumbo ni moja, mayu. Siwezi kuligawa."

Bajaji ikaondoka. Nilisimama barabarani na begi langu mpaka Rhoda akaja kunichukua. Nilitaka kumpigia kelele Suzana kwamba si haki, kwamba mimi ndiye niliyesalitiwa, kwamba kila kitu nilichofanya nilikifanya kama nilivyofundishwa. Ni kweli nilikifanya kama nilivyofundishwa. Na kila robo saa ya usafi wangu ilikuwa inampulizia sumu. Mume wangu aliichukua kazi ya mikono yangu na kuigeuza, kisha akaniacha niendelee nayo kwa bidii.

Majibu ya Mwanza yalisema zebaki ipo, juu kuliko inavyotakiwa, wakamwandikia kufuatiliwa kule Isaka kila baada ya wiki mbili. Mwezi wa tisa nilimpigia simu, akapokea Davis. Mwezi wa kumi akapokea Davis. Anaendelea vizuri, mama. Amelala, mama. Niliacha kuchipusha choroko. Wanawake wa kikundi walikuja niwafundishe, nikawaambia waende kwa Mwanaima, atawauzia na kuwaelekeza, nami nikawasisitiza wasiwe na shaka naye.

Mwezi wa kumi na moja, asubuhi ya Alhamisi, simu ikaita. Alikuwa Davis, analia na kucheka. Mtoto wa kike, kilo mbili na robo. Amelia mwenyewe. Daktari anasema ni mapema kusema lolote, watamwangalia anavyokua, anavyokaa, anavyosikia, lakini ananyonya. Nilikaa chini sakafuni nikamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha Davis akasema, "Subiri, mama, anataka kuongea na wewe."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia tangu siku ya bajaji. Sauti yake ilikuwa imechoka.

"Mayu, njoo umwone."

"Nakuja leo. Nakuja na gari la mchana. Nina samli, nina kuku wawili, unga wa uji nitasaga sasa hivi..."

"Njoo," Suzana alisema. "Ila usije na chakula. Chochote. Nakuomba."

Nilisema sawa.

Kwetu haijawahi kutokea mwanamke akaenda kumwona mzazi mikono mitupu, sembuse mama mzazi. Hata adui anabeba unga kidogo kwenye kitambaa. Nilipanda gari na mkoba wangu wa bega wenye kitambulisho na nauli. Njia nzima hadi Isaka sikuzungumza na mtu.

Mama yake Davis alikuwa ananisubiri mlangoni, pamoja na wanawake wengine wa ukoo waliokuja kupika. Aliponiona alipiga kigelegele, akashuka ngazi haraka na kunyoosha mikono yote miwili mbele, anipokee mzigo. Mikono ikabaki hewani. Akatazama nyuma yangu, kama labda kuna mtu anakuja nao.

"Suzana alisema nisilete kitu," nikamwambia.

Mama yake Davis akashusha mikono yake taratibu, akaifuta kwenye kanga ingawa haikuwa na maji, akasema, "Karibu ndani, mama."